Filimbi ya Mchungaji

Kwenye machimbo yetu ya dhahabu, nusu saa kwa bodaboda kutoka Katoro, serikali ni mchungaji. Mwenyekiti tunaye, na mhuri anao, lakini hakuna anayeshuka duarani, shimo tunalochimba, kabla mchungaji hajaomba na kupuliza filimbi anayoivaa shingoni pamoja na msalaba. Ugomvi wa mipaka ya mashimo huuamua yeye. Pombe ya gongo aliipiga marufuku yeye. Hata Waislamu humpelekea kesi zao. Husikiliza huku akichokoa udongo kwenye kucha, kisha hukohoa kidogo na kutamka: "Bwana amesema." Hapo kesi imekwisha, na wanaume wanaopasua mwamba kutwa nzima huinamisha vichwa.

Jumatatu alitangaza kwamba Bwana amesema duara jipya lifunguliwe, tuanze kushuka. Tulikuwa tumeshavua kofia kwa ajili ya maombi, Mwita, fundi anayepanga magogo ya kushikilia kuta, aliponyoosha mkono.

"Shikamoo, mchungaji. Magogo mawili yamepasuka. Humu watu watafukiwa."

Hakuna aliyemtazama Mwita. Mchungaji alipiga magoti kwenye mdomo wa shimo, akaligusa gogo la juu, udongo ukammwagikia viganjani. Kisha akainuka, akakohoa kidogo.

"Bwana amesema tusubiri."

"Amesema saa ngapi, mchungaji?" akauliza Mwita.

"Sasa hivi, kwa mdomo wako," akajibu, akaivua filimbi shingoni na kuitia mfukoni.

Mwita alitaka kuongeza neno, lakini sisi tulikuwa tumeshavaa kofia zetu.