Jinsi Saverio Alivyopima Nyumba

Mume wangu Saverio alikuwa polisi kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna kiumbe anachokidharau kama askari wa kulinda geti. Mimi namdharau yeye kidogo, lakini hayo ni mambo ya ndoa. Alipostaafu, tulitakiwa kurudisha chumba chetu cha kambi ya polisi ya Naguru, hapa Kampala, mwisho wa mwezi, apewe polisi mwingine aliyeoa juzi. Ikabidi tutafute nyumba ya kupanga.

Mimi nilitaka vitu viwili tu: nyumba ya chini isiyo na ngazi, na choo cha kukalia. Goti langu la kulia limekwisha. Choo chetu cha Naguru kilikuwa cha kuchuchumaa, tena kwenye mteremko, na mara ya mwisho nilipoanguka humo alikuja kunitoa jirani, mwanamume mzima, nami gauni liko kiunoni. Niliapa kwamba fedheha ile haitanipata tena.

Dalali wetu aliitwa Kasim, mtu wa viatu vilivyochongoka na simu mbili. Nilimweleza habari ya choo. Alinisikiliza vizuri, kisha akaanza kusifu vitu vingine.

"Maama, usijari. Nyumba iko na jimu, iko na bwawa ya kuogerea, iko na rifti ya kupanda juu."

"Na choo?"

"Choo iko mingi sana."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Kasim alitutembeza kwelikweli.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Bukoto. Hiyo jimu yenyewe ya mazoezi ilikuwa chumba chenye baiskeli moja isiyo na magurudumu, imefungwa kwa mnyororo isiibwe. Nilimuuliza Kasim watu wanaipanda kwenda wapi, akacheka tu. Pale Kamwokya kuna wanawake wanaopandisha mlima kila asubuhi na beseni la ndizi kichwani, na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni huduma ya kulipia. Lakini nyumba ilikuwa ya chini, na choo kilikuwa cha kukalia. Kwangu mimi safari ilikuwa imekwisha.

Kwa Saverio ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Aliingia jikoni, akaona mtungi wa gesi wa mwenye nyumba, akaubeba begani na kutoka nao bila kumwambia mtu. Huo ndio mtihani wake. Askari akimzuia getini, nyumba inazungumzika. Asipomzuia, hiyo si nyumba, ni shamba la mjane, kila apitaye anachuma. Kasim alimkimbilia akipiga kelele, "Mzee! Mzee!" lakini Saverio alikwishafika. Askari hakumzuia. Aliweka redio yake chini, akamsaidia kuufunga mtungi kwenye bodaboda.

Saverio aliurudisha mtungi huku uso unang'aa. Hakuna kinachomfurahisha mtu huyu kama kuthibitisha kwamba wenzake ni wajinga.

"Hatuhamii hapa," akasema.

"Choo ni kizuri," nikasema.

"Wezi watakibeba na wewe ukiwa juu yake."

Nyumba ya pili ilikuwa huko huko Naguru, juu kilimani kwa wenye pesa, na ndiyo yenye bwawa. Maji yalikuwa ya kijani, na chura amekaa ukingoni kama mwenye nyumba. Kasim alisema tutaogelea siku yoyote tunayotaka. Nilimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Mwanamke wa umri wangu, na goti hili, niogelee na nani? Na yeye Kasim? Askari wa pale alikuwa na bunduki na miwani ya jua. Saverio alipompitia na mtungi wa humo ndani, alimpigia saluti na kumtakia safari njema. Nyumba ya chini, choo cha kukalia, nayo ikakataliwa. Tuliteremka kilima kwa miguu. Nilikuwa na hasira hata goti likasahau kuuma.

Ya tatu ilikuwa Bukoto tena, nayo ya chini, zimebaki siku chache mwezi uishe. Kasim alituonyesha kamera ukutani, na waya wake unaning'inia haujaunganishwa popote. Nikamwacha aendelee kuhubiri. Niliingia chooni, nikafunga mlango, nikakaa. Kisha nikasimama bila kushika ukuta, bila kumwita mtu. Nakwambia machozi yalinitoka mle ndani, peke yangu.

Nilipotoka, Saverio yuko nje na mtungi begani.

"Wewe! Weka chini hiyo kitu!"

Sauti ilitoka getini. Alikuwa askari mzee, sare imempwaya, rungu mkononi, amesimama katikati ya njia. Saverio aliuweka mtungi chini. Kisha akabana visigino na kukakamaa.

"Afande Oola."

Mzee alimkodolea macho. "Saverio? Kumbe mwizi ni wewe?" Akacheka mpaka akakohoa.

Huyu Oola alikuwa mkuu wa kituo Saverio alipoanza kazi. Ndiye aliyemfundisha kushika bunduki, na harusi yetu yeye ndiye aliyeisimamia. Saverio alimuuliza amefikaje pale. "Wajukuu wanasoma, bwana," akajibu. Kabla hajasema zaidi, gari lilipiga honi nyuma yetu, likapiga tena, na mkuu wa kituo akakimbia na miguu yake ile mibovu kwenda kufungua geti.

Saverio alinishika mkono, akanitoa nje. "Hatuhamii hapa."

"Saverio!"

"Afande anifungulie mimi geti? Kila siku?"

Hapo nilimwambia yote. "Nyumba mbili umekataa kwa sababu askari hawakukuzuia. Hii unakataa kwa sababu amekuzuia. Goti ni langu, majivuno ni yako, na kila siku goti ndilo linalolipa!" Nikamwacha kando ya barabara, nikarudi getini nikichechemea.

Nilimweleza Oola mambo yalivyo.

"Mama Ojera, mimi sioni haya kwa geti," akasema. "Lakini hapa hakuna mtu anajua jina yangu. Hapa naitwa kwa honi. Leo mtu amenitaja jina, na huyo ndiye anakimbia?"

Nikarudi kwa Saverio, nikampa maneno hayo kama yalivyo, bila kuongeza langu. Alitazama geti, halafu akaanza kulielekea, nami nikamfuata.

Gari jingine lilikuwa limefika, kijana ndani yake amebana honi mfululizo. Oola alikuwa anainuka kwenye kiti chake. Saverio alimpita, akaenda kusimama kwenye dirisha la lile gari, akaligonga kwa kidole mpaka likashushwa.

"Huyu anaitwa Afande Oola," akasema. "Muombe vizuri, atafungua."

Kijana alimtazama, akanitazama na mimi. "Na wewe ni nani?"

"Mpangaji," akasema Saverio. "Nyumba ya chini."