Salmoni Mwenye Pengo Mkiani

Sogea usikie jinsi tunavyohesabu samaki ambao hatujawahi kuwagusa. Si jambo gumu, utalielewa mara moja. Salmoni hutoka baharini na kupanda mto kwenda kutaga. Palipo na ukuta wa kuzuia maji hujengwa vidimbwi vya kupandia, kama ngazi, na kamera huwarekodi wakipita. Video zililetwa kwetu Brussels, katika chumba kimoja cha mtaa wa Ixelles juu ya saluni ya kusuka, na harufu ya mafuta ya nywele ilitufikia mezani.

Tulihesabu sisi wawili, kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha. Mwenzangu alikuwa mmisionari mstaafu, Mbelgiji aliyejifunza Kiswahili Bukavu. Nilimwita Papa, yaani baba, naye aliniita maman, mama. Magoti yalimsumbua, na alikuwa ameniambia waziwazi anachotaka: kuvua salmoni mmoja kwa ndoano katika mto wa kwao, kabla hajashindwa kusimama majini. Uvuvi katika mto huo, ndio wa video zetu, ulikuwa umefungwa kwa kuwa samaki wamepungua. Ungefunguliwa endapo hesabu ya mwaka ingefika kiwango kilichowekwa.

Mwaka ule ilifika, ikazidi kwa samaki mmoja. Orodha zetu zililingana. Papa akashuka kununua sambusa.

Alipokuwa nje nilirudia video za wiki moja. Salmoni mwenye pengo mkiani alipita Jumatatu, akapita tena Jumatano, na Ijumaa. Samaki aliyekwisha kupanda akichoka huweza kusombwa na maji hadi chini ya ukuta, akaanza ngazi upya. Sote wawili tulikuwa tumehesabu mapito, si samaki.

Aliporudi nilimwonyesha, nikamtania: huko misheni alikuwa akimbatiza mtu mmoja mara tatu?

Aliirudisha video mara mbili, akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu:

"Non, maman. Kule nilikuwaka najua sura zabo."

Akachukua kalamu, akakata wawili kwenye orodha yake kabla sijagusa yangu. Halafu akanisogezea sambusa, akasema magoti huenda yakavumilia mwaka mmoja zaidi. Mto ukabaki umefungwa.

Basi ukipewa video kama hizo, usiandike namba mara tu samaki anapotokea. Simamisha picha, chora mkia wake kando ya tarehe, ulinganishe na michoro iliyotangulia, ndipo uandike.