Hakuna Mududu, Hakuna Ugonjwa

Kosa langu lilikuwa pilipili. Nilipoanza kuhara damu niliamini tumbo langu ni chafu, nami uchafu siuvumilii: nikikosea herufi moja daftarini naandika ukurasa mzima upya. Kwetu Kabambare tumbo chafu husafishwa kwa maji ya pilipili, yanayoingizwa nyuma kwa kibuyu chenye shingo nyembamba. Wengine hujisafisha mara mojamoja. Mimi nilijisafisha kila asubuhi, na damu ilipozidi nikazidisha pilipili. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyofanya.

Huku kwetu kila mwanamume hulazimishwa na serikali ya wazungu kulima pamba. Nilikuwa natoka shambani kila mara kukimbilia kichakani, hadi msimamizi wa pamba, mtu wa kwetu kabisa, akapaza sauti mbele ya wote: "Wee! Umeoa kule kichakani? Tukuchangie mahari?" Wakacheka. Kisha akasema nisipoleta karatasi ya munganga wa hospitali nitafungwa kwa uvivu.

Nikatembea hadi hospitali ya Kasongo, nikisimama kila kichaka. Munganga, muuguzi mweusi kama mimi, alipima choo changu kwa hadubini akitafuta mdudu wa ugonjwa.

"Hakuna mududu."

"Lakini damu iko, baba."

"Hakuna mududu, hakuna ugonjwa. Rudi kwa pamba."

Nikafungwa siku saba. Ndoo ya choo ilikuwa moja kwa wafungwa wote, na mimi ndiye niliyeijaza.

Nilipotoka, jirani yangu, boi wa mzungu mnunuzi wa pamba, akaniambia bwana wake naye anahara damu. Daktari ameandika "colite", na bwana huyo anarudishwa Ulaya akapumzike. Nikafungua kamusi ya Kifaransa niliyojifunzia peke yangu: utumbo mpana kuwaka na kuvimba. Mdudu hakutajwa. Utumbo wangu ulikuwa kidonda, nami nilikuwa naumwagia pilipili! Na kwa nini utumbo wa mzungu upelekwe kupumzika, wangu upelekwe gerezani?

Nikarudi Kasongo.

"Munganga, yule mzungu wa pamba, mulipopima choo chake, alikuwa na mududu?"

Alitazama mlango kwanza. "Hapana."

"Basi uniandikie na mimi 'colite'."

"Mimi si daktari, ndugu yangu."

"Andika damu tu. Damu uliiona."

Akaandika.

Sijapona. Damu hukatika miezi kadhaa, kisha hurudi bila sababu ninayoijua. Lakini siku za damu namwonyesha msimamizi karatasi ile; silimi pamba, na hakuna anayenifunga.