Jina Huitwa Mara Mbili

Enzi za Mwingereza nilijifunza kazi ya kutoa dawa katika hospitali ya misheni huku Umatengo. Mwalimu wetu, sista Mzungu, alitaka jina la mgonjwa liitwe dirishani mara moja tu. Asipoitika, chupa yake irudi rafuni. Zilirudi nyingi, naye akasema watu wetu ni viziwi. Viziwi gani! Kwetu hakuna anayeitikia sauti ya kwanza. Wafu huita mara moja. Aliye hai atarudia.

Nilichoka kubishana, nikaita alivyotaka.

Asubuhi moja ya ukungu niliita jina la mama mmoja wa kijiji cha Mpepai. "Abee!" akaitika papo hapo. Mkono uliolowa umande ukaingia dirishani. Nikaueleza: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ukapokea chupa.

"Unaona?" sista akatabasamu. "Wanasikia."

Punde muuguzi akaja kutoka wodini: dawa ya mama wa Mpepai isitolewe; alilazwa usiku, amefariki alfajiri.

Nikachungulia nje. Wagonjwa wote walikuwa wamehama benchi, wamesimama mbali uani, wananitazama.

"Nani amechukua dawa?" nikauliza.

Walikuwa wakingoja nirudie swali, wajue kama nami ni hai. Nikafungua kinywa nirudie, sauti haikutoka.