Fundi Milango na Jina la Kumi na Tatu

Ulikuwa mwaka wa kumi na nane wa timu. Hapana, wa kumi na tisa. Wa kumi na nane ndio ule ringi ya upande wa ukutani ilipokatika, wakafanya mazoezi wiki tatu wakifunga upande mmoja tu. Basi ni wa kumi na tisa. Wapo watakaobisha kwamba ni wa ishirini, kwa kuwa wao wanahesabu na ule mwaka wa mwanzo kabisa, wasichana walipocheza na nguo zao za nyumbani. Lakini Fundi Milango mwenyewe mwaka ule hauhesabu. Kwake yeye, timu isiyo na jezi ni watu waliokutana tu.

Fundi Milango alikuwa seremala, na ukocha hakuusomea popote. Kazi yake ilikuwa milango na fremu zake, basi. Ukimpelekea habari ya kitanda alikuelekeza kwa mwenzake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chembamba, kirefu, chenye dirisha lililotazamana na kinyozi. Jioni, akishajipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi, alivuka barabara mbili hadi kwenye uwanja wa saruji na kuwafundisha wanawake wa mtaa mpira wa kikapu. Alianza kwa ajili ya binti yake, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu isiyotulia. Binti akakua, akawa mwalimu wa hesabu, akafika miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka tisa mfululizo ndiye aliyekuwa nahodha. Mtaa mzima ulimwita Nahodha. Hata wanafunzi wake walijisahau darasani wakamwita hivyo.

Sasa, msimu uliotangulia walikuwa wameponea chupuchupu. Wa kumi kati ya timu kumi na mbili, na wawili wa mwisho hushuka daraja. Halafu msiba haukuja peke yake: timu moja ya maofisini, ile ambayo wachezaji wake hufanya kazi kwenye viyoyozi, ikaja ikachukua watatu kwa mkupuo, kila mmoja akapewa meza na kiti cha kuzunguka. Fundi hakuwalaumu. Kiti cha kuzunguka si mchezo. Ila alibaki na wachezaji kumi, akampata mmoja aliyemaliza shule, wakawa kumi na mmoja. Fomu ya chama ilikuwa na mistari kumi na miwili. Ukipeleka pungufu haipokelewi, ukitaka kuzidisha hakuna pa kuandika. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi.

Wa kumi na mbili alimpata zahanati, na alimpata kwa kazi yake ya useremala. Alikuwa ameitwa kurekebisha mlango wa chumba cha daktari uliokuwa ukikwaruza sakafu. Ameshaung'oa, ameuegemeza ukutani, mara akapita muuguzi na sinia la dawa. Yule dada alipofika penye fremu aliinamisha kichwa bila hata kutazama juu, ingawa fremu ilimzidi kwa shubiri, kama mtu anayeisalimia nyumba. Fundi akaacha msumeno. Anayeinama kwa kutazama, amerefuka juzi. Anayeinama bila kutazama, amezaliwa mrefu.

"Dada, hebu simama hapa kidogo."

"Unaumwa, mzee?"

"Siumwi. Napima."

Akamsimamisha kwenye ule mlango ulioegemea ukuta, akachora mstari juu ya utosi wake kwa penseli.

"Umewahi kucheza mpira wa kikapu?"

"Nilicheza netiboli shuleni. Wakaniondoa, eti nawakanyaga wenzangu."

"Basi umefika kwenu. Huku wanakanyagana kwa utaratibu."

Muuguzi akacheka, akasema atakuja kutazama. Fundi kwa furaha akarudi kazini, akashika msumeno, na akaukata mlango palepale kwenye mstari wa utosi. Aliposhtuka, kipande kimeshaanguka. Siku mbili nzima wagonjwa waliokaa kwenye korido walisikia maradhi ya wenzao yakitoka juu ya mlango, moja baada ya jingine, mpaka alipoleta mwingine.

"Fundi!" kinyozi alimpigia kelele toka ng'ambo. "Nasikia umesajili mchezaji, umepoteza mlango!"

"Mlango nitatengeneza mwingine. Urefu ule sina mashine yake."

Nahodha ndiye aliyemfunza Muuguzi. Wiki sita, alfajiri, kabla mmoja hajaenda shule na mwingine zahanati. Alimfunza kusimama chini ya ringi, kutanua mabega, kungoja mpira bila kuukimbilia. "Usiufuate, dada. Wewe ni ukuta. Ukuta uliona wapi ukimkimbilia mtu?" Na Muuguzi akawa ukuta.

Mambo yangekuwa yameishia hapo, kumi na wawili kwa mistari kumi na miwili, kama Jumatatu ya wiki ileile ya fomu asingetokea Mpiga Mbali.

Huyu alikuwa mmoja wa wale watatu walioondoka, mwanamke mwenye mkono ambao ukiuacha huru nusu ya uwanja, mpira unaingia bila kugusa chuma. Alisimama mlangoni pa karakana, viatu vyake vya ofisini vikizama kwenye maranda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja kuagiza mlango?"

"Nimekuja kugonga ule nilioufunga."

"Hukuufunga, mwanangu. Uliubamiza."

Mpiga Mbali akainamisha kichwa. Akasema kule hata kabla ligi haijaanza ameshaambiwa atakaa benchi, na kiti cha kuzunguka kinachosha kuliko alivyodhani. Fundi akamwambia aje mazoezini. Moyoni alikuwa ameshamsamehe tangu viatu vile vilipozama.

Kumi na watatu.

Fundi Milango alikuwa na namna yake ya kupanga timu. Hakuandika kwenye karatasi. Aliandika majina kwenye ubao mpya kwa penseli ya useremala, na akibadili mawazo hakufuta, alipiga randa. Miaka mingine ubao ulipigwa randa mara moja au mbili. Wiki ile, Jumanne asubuhi aliandika, mchana akaparaza. Aliandika tena, akaparaza tena. Kufikia Jumatano ubao wa inchi mbili ulikuwa umebaki kama kifuniko cha sanduku, na kinyozi, aliyekuwa akiyatazama maranda yakilundikana mlangoni, alivuka barabara na wembe mkononi.

"Fundi, kwani timu unaipanga au unaimenya?"

"Niache."

"Nikuache vipi na mtaa unasema? Wanasema utamtoa yule muuguzi, kwa sababu ni mgeni. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake."

"Mtaa wenyewe ndio nani?"

"Mimi," kinyozi akakiri. "Na wateja wangu."

Fundi akashika randa. Neno lilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha. Kwa sababu ukweli aliujua, na aliujua kwa masikio. Bawaba ikianza kulia, unaitia mafuta, inanyamaza. Unaitia tena, inanyamaza muda mfupi zaidi. Siku ya tatu hata uimiminie kopo zima, mlango unaning'inia. Goti la Nahodha lilikuwa limelia misimu miwili. Pasi zake bado zilikuwa zile zile, macho yake yale yale, lakini mpira ukipotea na wapinzani wakikimbia, wenzake walirudi kulinda yeye akiwa bado katikati ya uwanja. Msimu uliopita walikuwa wamefungwa mara nyingi kwenye pengo lile, na ligi ya timu kumi na mbili haikuwa na nafasi ya pengo. Wakishuka, hawangerudi tena. Nani angekuja kuchezea timu ya seremala daraja la pili?

Jumatano ile alimwambia mkewe, aliyekuwa akikunja nguo.

"Mama watoto..."

"Usinitazame mimi, baba watoto. Mimi nilimzaa, jezi ulimpa wewe. Kila mtu na kazi yake."

Basi. Akapiga moyo konde. Alhamisi asubuhi akaandika kwenye ule ubao mwembamba majina kumi na mawili, na hakushika tena randa.

Lakini kuandika si kazi. Timu ile ilikuwa na desturi, na desturi hiyo aliiweka mwenyewe: mchezaji anayeachwa haambiwi uwanjani, wala hatumiwi ujumbe. Huendewa kwake. Kocha anabisha hodi, anavua kofia, anaketi, anapewa maji ya kunywa, anasema maneno yake. Kisha aliyeachwa ana haki ya swali moja, lolote lile, na kocha lazima alijibu kwa ukweli. Kwa miaka yote hiyo Fundi alikuwa ameketi kwenye sebule nyingi. Wengi waliuliza kwa nini. Mmoja aliuliza kama alikuwa mbaya kiasi hicho tangu zamani, na Fundi akajibu, na hawajasalimiana hadi leo.

Sasa aliyeachwa alikuwa anaishi nyumbani kwake.

Alhamisi alasiri Fundi Milango alifunga karakana, akaoga pale pale kwenye bomba la nyuma, akavaa shati safi, akatembea hadi nyumbani. Alifika mbele ya mlango aliouchonga kwa mkono wake mwenyewe. Ulikuwa wazi. Akasimama nje.

"Hodi."

"Baba?" Sauti ya Nahodha ilitoka ndani. "Si uingie? Unabisha nini?"

"Hodi, wenye nyumba."

Ndani daftari likafungwa. Kalamu iliwekwa juu ya meza. Alikuwa anasahihisha madaftari. Kisha fundi akasikia hatua zake, ule mguu mmoja ukifika mapema kuliko mwenzake. Akatokea mlangoni, akamtazama baba yake: shati, kofia mkononi, nywele bado zina maji. Aliiona kofia, akaelewa. Mdomo wake ulicheza kidogo, ukatulia.

"Karibu, kocha," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo ndani ya nyumba ile.

Akamkalisha kwenye kiti cha wageni. Kikayumba. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi ambao fundi alikuwa ameahidi kuurekebisha tangu miaka miwili iliyopita.

"Kiti chenu kibovu hiki," fundi akasema, maana hakujua pa kuanzia.

"Fundi wetu hodari kwa watu, kocha. Hapa nyumbani hatumwoni."

Chumba cha pili mama mtu alikohoa kikohozi kilichokuwa kicheko. Nahodha akaleta bilauri ya maji juu ya sahani, kwa mikono miwili. Fundi akanywa yote. Halafu akasema maneno yake, yale yale ambayo amewaambia wote, hakuongeza wala kupunguza, ingawa katikati alilazimika kuanza upya:

"Nimekuja mwenyewe kwa sababu umetuchezea kwa heshima. Msimu huu jina lako halipo. Uliza swali lako."

Nahodha alikaa. Akanyoosha lile goti, akalisugua kwa kiganja. Alitazama madaftari kama mtu anayetafuta hesabu ilipokosewa. Fundi alingoja "kwa nini". Alikuwa amejiandaa kwa hiyo "kwa nini", alikuwa na majibu ya bawaba na ya pengo, ameyapanga njia nzima.

"Tutashuka?" Nahodha akauliza.

Zaidi ya swali, lilimpiga Fundi lile neno. Tutashuka. Amemwondoa dakika hii, na yeye bado yumo. Alihisi kifua kikijaa kama mtu aliyepandishwa mahali pa juu bila ngazi, akataka kuinuka apige kelele mtaa usikie, kinyozi na wateja wake wote wasikie, huyu ni nani na amezaliwa na nani. Lakini kocha aliyeulizwa lazima ajibu.

"Hatushuki," alisema. Akaanza kueleza. Alimweleza habari za Muuguzi chini ya ringi, kwamba mwaka jana kila mpira uliodunda kwenye chuma ulikuwa wa wapinzani, na sasa nusu yake itakuwa yetu. Alimweleza habari za Mpiga Mbali, ambaye atamhitaji mtu wa kumpa mpira mapema kabla hajafikiri, maana akifikiri anakosa. Wale vijana watatu wa kikosi, yule aliyemaliza shule akiwemo, wana mapafu, akili bado. Mechi nne za mwanzo ni ngumu, watapoteza tatu, watu wasihamaki. Baada ya hapo ratiba inafunguka. "Tukikaza, wa sita. Tukibahatika, wa nne. Hatushuki."

"Robo ya mwisho je? Muuguzi anachoka."

"Ndiyo. Anachoka."

"Anabana pumzi anaporuka. Nimemwambia, hasikii." Nahodha alivuta daftari moja akaandika kitu pembeni mwa hesabu za mtoto wa watu. "Nitakaa benchi karibu naye. Akitoka tu nimpumzishe vizuri, arudi. Alfajiri tunaendelea kama kawaida."

"Hujaombwa."

"Nani kasema nimeombwa? Mgeni siku mbili, kocha. Siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu yangu imeanza leo."

Ijumaa, saa tisa kasoro, Fundi alifika ofisi ya chama, chumba chenye feni moja na meza iliyojaa fomu. Karani, mama mzito mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akizipokea tangu timu haijawa na mipira miwili. Alipitisha kidole jina baada ya jina, akafika mwisho, akarudi juu.

"Fundi, umemsahau binti yako. Nikupe fomu nyingine? Muda upo."

"Sijamsahau."

"Ni mgonjwa?"

"Mzima. Yuko uwanjani sasa hivi, anafundisha."

Karani akamtazama juu ya miwani. Fundi Milango alikuwa amesimama wima mbele ya meza ile kama anayepigwa picha. Muhuri ukashuka.

Njiani kurudi alipita uwanjani. Muuguzi alikuwa chini ya ringi, Nahodha pembeni akipiga makofi na kumhesabia pumzi, moja, mbili, toa. Walipopumzika, binti akaja na chupa yake ya maji akasimama karibu na baba yake, na Fundi, ambaye hapa hakuwa na desturi ya kumlinda wala ya kumlazimisha mtu ajibu, akamuuliza swali kwa sauti ya chini. Nahodha alikunywa maji, akafunga kifuniko, akarudi uwanjani. Fundi alimuuliza tena baadaye, na baadaye tena, kwenye benchi katikati ya msimu, na nyumbani kiti kilipokwisha kupata mguu wake. Alimuuliza na mkewe, ambaye alisema nguo haziwezi kujikunja zenyewe. Ni swali dogo tu, na bado yu nalo: "Kama orodha ungeiandika wewe, mwanangu, ungemwacha nani?"