Eti mwanaume iko na familia ya kulisha

Leo kwa chantier ya kujenga nyumba, hapa Baraka, nimecheka mpaka machozi.

Mi na Amisi tulibeba matofali tangu asubuhi, safari sawasawa.
Saa ya kulipwa, chef wa kazi akamupa Amisi elfu kumi. Mimi elfu saba!

Nikamuuliza: "Chef, juu ya nini?"

"Mama, mwanaume iko na familia ya kulisha."

Mi niko na batoto batano. Amisi hajaoa hata bado!

Kabla nijibu, Amisi mwenyewe akasema: "Chef, lakini mi nakulaka kwa huyu mama kila siku."

Bantu bote bakapasuka kicheko.

Chef akakohoa, akaniongezea elfu tatu. "Ya leo tu," akasema.

Tutaona kesho!

Bamama, kwa kazi yenu banawapatiaka sababu gani? 😂