Kiti cha Mizizi cha Mtangawanda

Mradi wa viti ulipofika Lamu nilikuwa nimerudi kwa mamangu na shahada ya ubunifu, na majirani walikuwa hawajachoka kuniuliza kama kuchora viti ni kazi au ni njia ya kupitisha wakati. Kwa hiyo mshauri wa mradi aliponipigia simu, nilimjibu nimesimama mlangoni, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

Mshauri alikuwa bwana mpole wa bara, mwenye kofia pana. Alikuja kwetu alasiri moja, akaketi kwenye baraza yetu ya mawe, ile waliyoijenga wazee wa babu yangu, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, akaanza kunieleza kwamba watu wa visiwa hivi hawana mahali pa kukaa. Alitaka kiti cha umma kwenye gati ya Mtangawanda, kule Pate, ambako abiria hungoja boti. Kiwe endelevu, na kiige maumbile.

"Tazama mti," akasema. "Hauna mbunifu, lakini umekamilika."

Mama alikuwa ndani akipepeta mchele. "Astaghfirullah," tukamsikia.

Nilichagua mkoko. Mizizi yake hupinda nje ya tope kama magoti, na mti mzima husimama juu yake bila wasiwasi. Nilichora kiti cha namna hiyo, chenye mabonde ya kukalia na miguu mingi. Mbao zake zingetokana na plastiki iliyookotwa katika fukwe zetu. Plastiki hiyo ilivushwa kwa boti, ikasafirishwa kwa lori hadi Mombasa ikayeyushwe, ikarudi kwa lori, ikavushwa tena kwa boti. Nilipouliza kuhusu moshi wa safari zote hizo, mshauri alinijibu kwamba huo uko kwenye bajeti ya usafiri, si ya mazingira.

Tukaitisha kikao na kamati ya gati. Mshauri alionyesha picha zangu ukutani, akazungumza juu ya mizizi kwa muda mrefu. Alipomaliza, mwenyekiti wa kamati, mzee wa makamo mwenye duka la saruji, aliuliza swali moja.

"Wanawake wataketi upande upi?"

"Kiti ni cha wote, Bwana," mshauri akasema.

"Naam, ni cha wote. Wanawake wataketi upande upi?"

Wiki hiyo nilikichora upya, kikawa na pande mbili zilizopeana mgongo, upande mmoja ukitazama maji na wa pili ukitazama barabara. Kamati ikaridhika. Mshauri naye akawaandikia wafadhili kwamba pande hizo mbili ni maji kujaa na maji kupwa.

Siku ya uzinduzi, kwa kuwa kulikuwa na wageni, viti vya plastiki vilikodiwa vikaletwa kutoka Lamu, vikapangwa chini ya hema. Mgeni rasmi aliketi kwenye kimojawapo, akasikiliza hotuba juu ya umuhimu wa kuketi kwa namna isiyoharibu dunia. Kiti changu kilikuwa kimezungushiwa utepe na kuwekewa mtu wa kukilinda. Utepe ulipokatwa, mgeni rasmi akakikagua, akatazama kanzu yake nyeupe, akaomba apigwe picha amesimama nyuma yake. Wakubwa wengine wakasimama naye. Kisha viti vya plastiki vikapakiwa, na wote wakaondoka.

Baada ya muda mshauri akanitaka picha ya wananchi wakikitumia. Nikaenda Mtangawanda. Wanaume walikuwa wamejipanga juu ya ukuta wa gati, kama walivyokuwa wakikaa siku zote. Kwenye kiti kulikuwa na kreti za soda, gunia la vitunguu na mbuzi aliyefungwa kwenye mzizi mmojawapo. Nilimwuliza kijana wa bodaboda mbona hawakikalii.

"Si kile cha maonyesho?" akasema. "Tunakitunza."

Mzee mmoja akaniona nimesimama, akawaamuru watu watoe kreti ili nipate kuketi. Niliinua simu nipige picha, na kila aliyekuwa karibu akasogea kando kwa adabu, asiniharibie. Nikampelekea mshauri picha ya mbuzi. Alifurahi mno. Akaiandikia maelezo kwamba kiti kimekubaliwa na viumbe wote. Mimi nililala na hasira.

Miezi michache baadaye tulialikwa harusi Kizingitini, huko huko Pate, na Mama akakubali kufunga safari. Wakati wa kurudi tulifika gatini Mtangawanda boti ikiwa bado kuonekana, jua kali. Upande unaotazama maji ulikuwa umejaa wanawake. Walikuwa wametandika leso kwenye mabonde, na ndani ya moja amelala mtoto mchanga, hawezi kubingirika huku wala huku. Mwanamke mmoja alikuwa amekalia bonde na kupandisha miguu kwenye la pili, akisuka ukili wa mkeka. Wanaume walikuwa palepale ukutani, wametupa mgongo.

"Ndoo uketi, Bi," mmoja akamwita Mama, akamsogezea leso.

Mama akaketi polepole, akajaribu kuegemea, akasogea, akajaribu tena.

"Ni mwanangu aliyekitengeneza hiki," akawaambia.

Wakanitazama wote. Yule wa ukili akanipima kwa macho.

"Kizuri," akasema. "Wanaume hawakitaki."

"Kwa nini hawakitaki?" nikauliza.

"Mtu akiketi hapa haoni ni nani apitaye barabarani."

"Na upande wa pili?"

"Upande wa pili tumewaambia ni wetu pia."

Wakacheka mpaka mtoto akashtuka. Mama alicheka nao, amevua viatu, amenyoosha miguu. Mimi sikupata nafasi ya kuketi. Nilisimama kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya taa, moyo umetulia kabisa, nikawasikiliza wakimsimulia Mama mambo ya harusi waliyoyaokota kwa wapitao barabarani, ambayo sisi tuliokuwamo ndani hatukuyaona.